Fremu zote sita zinakatizwa: nimekosea wapi?

Mwanafunzi_wa_Samaki
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina mfuatano wa DNA wenye besi 640, uliotokana na msuli wa sato wa Ziwa Viktoria, nami natakiwa kuutafsiri kuwa protini. Nimeusoma besi tatutatu nikianzia besi ya 1, kisha ya 2, kisha ya 3, na uzi wa pili vivyo hivyo, lakini hakuna fremu (namna ya kugawa besi tatutatu) inayofika mwisho bila kodoni ya kukomea, yaani kundi la besi tatu linalosimamisha protini. Isitoshe, fremu za uzi wa pili nilizoziandika kwa mkono hazifanani hata kidogo na zile za programu. Je, mfuatano wangu umeharibika?

Fundi_Maabara
Tuanze na hilo la mkono. Nadhani ulibadilisha herufi, A kuwa T na G kuwa C, ukasahau kuanzia mwisho, kosa ambalo hata mimi nililirudia mwaka mzima. Nyuzi mbili za DNA huelekea pande zinazopingana. Chukua ATGCCATTGAACTGGTAA: uzi wake wa pili, ukisomwa ipasavyo, ni TTACCAGTTCAATGGCAT, na fremu yake ya kwanza inatoa LPVQWH (kila herufi ni asidi amino moja). Usipougeuza utapata TACGGTAACTTGACCATT, yaani YGNLTI, ambayo haina maana yoyote.

Kuhusu kukatizwa, kodoni za kukomea ni 3 kati ya 64, kwa hiyo fremu isiyo ya kweli hukatizwa takriban kila baada ya kodoni 21, ilhali fremu ya jeni hupita. Pengine mashine iliyosoma mfuatano iliruka besi moja. Kagua vilele vya chati yake.

Mzee_wa_Jeni
Kabla ya kuilaumu mashine, mdogo wangu, hujatuambia ni jeni gani. Ikiwa ni COI (jeni itumiwayo sana kutambua spishi), hiyo ni jeni ya mitokondria, sehemu za seli zenye DNA yao wenyewe, na katika mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo TGA haikomeshi bali huleta asidi amino ya triptofani, ATA huwa ya methionini, na AGA na AGG ndizo huhesabiwa kuwa za kukomea pamoja na TAA na TAG. Programu nyingi huanza na jedwali la kodoni namba 1, lile la kawaida, nawe unahitaji namba 2, la mitokondria ya wanyama hao. Tazama kama kuna fremu inayokatizwa na TGA peke yake.

Mwanafunzi_wa_Samaki
Ni COI kweli. Fremu ya 2 ilikatika mara 4, zote TGA. Nilipobadilisha jedwali, kodoni zote 213 zimepita. Shukrani, mzee wangu. Hizo fremu 5 nyingine nizitupe?

Mzee_wa_Jeni
Kwa COI, zitupe bila wasiwasi. Ila usiifanye kuwa kanuni ya kila mahali: kundi la Frederick Sanger lilipochapisha mwaka 1977 mfuatano wa phiX174, kirusi cha bakteria, jeni E ilionekana imekaa yote ndani ya jeni D, ikisomwa kwa fremu tofauti.