Mrejesho: Treni ya Amsterdam, Paris hadi London

Niliuliza kama viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Uingereza haimo) iliyo katika pasipoti yangu ya Tanzania ingetosha kwa safari hii. Nilisafiri Mei 2024, na walionijibu kwamba haitoshi walisema kweli. Kutoka Amsterdam hadi Paris niliombwa tiketi tu. Katika stesheni ya Gare du Nord, Paris, mambo yalibadilika: polisi wa Ufaransa aligonga muhuri wa kutoka, wenye kialama cha treni pembeni, na hatua chache mbele ofisa wa Uingereza akakagua viza ya nchi yake, yote hayo kabla ya kupanda. Kurudi Paris kuliwezekana kwa sababu viza yangu ya Schengen, bahati nzuri, ilikuwa ya kuingia mara nyingi. Ile ya mara moja ingekuwa imekwisha kazi.