Watu 24 wa familia: nyama choma, bufee au biriani la sinia? (Dar)

MamaK_Tabata: Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu anahitimu pale Mlimani, baada ya mahafali nataka tukae mezani kama familia tule pamoja. Tuko 24, watoto 7, bibi anatoka Moshi na magoti yanamsumbua, halafu wakwe zetu ni Waislamu. Nawaza nyama choma, bufee ya hotelini au mgahawa wa masinia ya biriani. Nishaurini jamani, hii siku bibi kaisubiri sana.

Chuma_Mboto: Nyama choma dada. Mbuzi, ndizi za kuchoma, kachumbari, watu mnachangamka. Ila kumbuka nyama inapimwa mbichi, ikitoka jikoni imenywea, kwahiyo usihesabu kilo moja watu wanne, utaona watu wanalamba vidole tu. Na uagize mapema kwa simu maana mbuzi hakimbizwi motoni.

binti_wa_Ilala: Mkuu umesoma hapo kwenye wakwe? Sehemu nyingi za choma ni baa, jiko hilohilo linatoa na kitimoto. Mimi Muislamu, nikialikwa sehemu hiyo nitakuja kwa heshima ila nitakunywa soda tu hadi mwisho. Usiwaweke wakwe kwenye huo mtihani.

Chuma_Mboto: Kweli dada, hilo lilinipita. Nafuta kauli.

Anko_Sinza: Bufee uzuri wake unalipa kwa kichwa, bajeti unaijua kabla, watoto mara nyingi wanapunguziwa ila uliza ni wa umri gani. Ulizia pia bei kama ina VAT ndani, asilimia 18 kwa watu 24 sio hela ndogo. Shida ni bibi, kusimama foleni na sahani na magoti yale hapana, mtu amhudumie.

binti_wa_Ilala: Mi nasema sinia. Chakula kinafika kwa wote wakati mmoja, hilo ndo kubwa kwenye kundi. Mwaka jana tulienda 17 mgahawa mmoja kila mtu akaagiza chake kwenye menyu, wa kwanza kamaliza kula wa mwisho hajaona hata maji, na huyo wa mwisho ndo mwenye sherehe, niliumia sana. Sinia mnazunguka wanne wanne, mnanawa, mnaanza pamoja na wakwe wanakaa na ndugu zako sio kona yao peke yao. Uliza tu kama kuna meza na viti, mkeka bibi hatauweza.

Anko_Sinza: Naunga mkono. Na michango kusanya kabla kwa simu, bili ikija mezani kila mtu anaangalia mwenzie.

MamaK_Tabata: Asanteni sana, nimeenda leo baada ya kazi. Nimechukua masinia matano, mawili ya kuku matatu ya mbuzi, watoto chipsi kuku meza ya pembeni karibu na mama zao, nimelipa nusu na risiti nimepewa. Viti vipo. Bibi biriani hajaizoea kwahiyo nitampikia mtori asubuhi nije nao kwenye hotpoti, nimemuomba meneja kakubali, atakaa katikati na mhitimu pembeni yake.

binti_wa_Ilala: Mwambie mhitimu hongera. Na mpelekee bibi kijiko chake, mtori kwa uma hauliki.