SGR yetu na ya Kenya: geji moja, mbona haziingiliani?

Mkazi wa Buguruni
Wakuu, kuna ubishi hapa kijiweni haujaisha tangu asubuhi. SGR yetu ya Tanzania na ya Kenya, hizi reli mpya za kisasa, zote geji yake, yaani upana kati ya reli mbili, ni milimita 1,435. Siku zikiunganishwa, treni ya mizigo ya Mombasa itaingia Dar bila kushusha kontena? Tofauti ni umeme tu, au kuna kingine? Halafu kuna jamaa kagawa gharama za ujenzi kwa kilomita, anadai wenzetu wa Kenya walipigwa bei vibaya sana. Hesabu yake imekaa sawa?

Taruma la Zege
Mkuu, geji inakuhakikishia gurudumu litakaa juu ya reli, basi. Haikuambii kama daraja litabeba.

Anza na uzito wa ekseli, yaani mzigo unaobebwa na kila jozi ya magurudumu. Njia yetu imesanifiwa kwa tani 35 kwa ekseli, ya Kenya tani 25. Behewa la mizigo la kawaida lina ekseli nne, kwa hiyo huku linaweza kufika tani 140 pamoja na uzito wake lenyewe, kule mwisho tani 100. La kule likija huku halina shida. La huku likiwa limeshiba likavuka mpaka, tani 40 za ziada zinaangukia reli na madaraja yaliyopigiwa hesabu nyingine. Usitegemee reli ikatike siku hiyo hiyo. Chuma kinachoka taratibu, nyufa zinaanzia ndani ambako jicho halioni, kokoto chini ya mataruma (mihimili inayobeba reli) zinasagika na njia inaanza kubonyea. Ikifika hapo mwendo unapunguzwa kwa kila treni, hata ya abiria.

Pili ni ishara. Yetu inatumia ERTMS ngazi ya 2, mfumo wa Ulaya wa kuongoza treni: ruhusa ya kwenda na kikomo cha mwendo vinamfikia dereva kwa redio, anaviona kwenye skrini mbele yake. Ya Kenya imejengwa kwa viwango vya China. Kichwa cha treni kisicho na vifaa vya mfumo wetu hakipewi njia, hata kiwe na mafuta ya kufika Dodoma.

Umeme ndio mwepesi katika yote haya. Dizeli inapita chini ya waya bila wasiwasi. Kichwa cha umeme ndicho hakina pa kwenda waya ukiisha.

Na kumbukeni hakuna SGR inayounganisha nchi hizi mbili. Kiungo cha zamani, Voi–Taveta–Kahe, ni cha geji ya mita moja.

Waya Juu
Nakubaliana, ila umeme usiupite haraka hivyo, maana nao una mchango wake kwenye mwendo. Abiria huku njia imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa, Kenya 120. Mizigo ni 120 kwa 80. Kichwa cha dizeli kinabeba mtambo wake wa kuzalisha nguvu na mafuta yake. Cha umeme kinavuta nguvu kutoka nje, kwa hiyo kinaondoka stesheni kwa kasi zaidi.

Waya wa juu una volti 25,000. Ukiwa stesheni, utazame vizuri: haujanyooka. Kutoka nguzo hadi nguzo unasogea kidogo kushoto, kisha kulia. Ni makusudi. Juu ya pantografu, ule mkono wa juu ya treni unaochukua umeme, kuna kipande cha kaboni kinachosugua waya, na kingesuguliwa mahali pamoja tu kingechimbika mtaro na kukatika. Wanaopita karibu na njia na mabomba ya chuma au nondo ndefu begani, tafadhali: huhitaji kugusa waya ndipo upigwe. Umeme wa msongo huo unaruka hewani.

Udhaifu nao upo. Kituo kimoja cha kupoza umeme kinalisha kipande chake cha njia, na kati ya vipande kuna sehemu fupi isiyo na umeme; treni inaipita kwa kasi iliyo nayo. Ikisimama hapo hasa, haijitoi yenyewe. Gridi ikianguka, betri zinabaki na taa, milango na mawasiliano, hazivuti mabehewa. Ndiyo maana lazima kiwepo kichwa cha dizeli cha kuokolea. Hapo Kenya wako salama kuliko sisi.

Kilomita Kamili
Kuhusu gharama, mwambie jamaa yako arudie. Zile "kilomita 300" za Dar–Morogoro ni 205 za njia kuu, jumlisha 95 za kupishania na za stesheni. Mombasa–Nairobi, 472 ni njia kuu peke yake. Akigawa kwa 300 huku na kwa 472 kule, anapima kwa vipimo viwili.

Pia mikataba ya Kenya ilibeba vichwa na mabehewa ndani yake. Sisi treni tulizinunua kando, zile za kampuni ya Korea Kusini, Hyundai Rotem, kwa hiyo lazima azirudishe kwenye hesabu. Na upande wetu umo waya na mfumo wa umeme, wao hawakuujenga. Hadi avipange hivyo, neno "walipigwa" aliweke pembeni.

Mkazi wa Buguruni
Asanteni sana, kweli alitumia 300. Na abiria anayetoka huku kwenda kupanda ya Kenya?

Taruma la Zege
Usiizoee ile ya Dar ya kushukia katikati ya mji. Nairobi stesheni iko Syokimau, Mombasa iko Miritini. Ukifika Syokimau, panda treni ya mjini inayosubiri abiria wa SGR. Ni ya geji ya mita moja, inakupeleka hadi stesheni ya zamani katikati ya Nairobi.