Kipupwe hiki miundi inapauka, pua inang'aa, kwapa linanuka: tezi za ngozi zinafanyaje kazi?

Mdau_Mafinga:
Wakuu, habari zenu. Baridi imekaza huku tangu Juni. Swali langu ni hili: mtu huyohuyo mmoja, miundi imepauka mpaka ukipitisha ukucha unaacha mstari mweupe, pua na paji la uso vinang'aa mafuta, na kwapa linanuka ingawa jasho halionekani. Ngozi moja inafanyaje mambo matatu yanayopingana? Anaoga maji ya moto asubuhi na jioni, na sabuni ya mche mwili mzima. Aongeze au apunguze?

Tabibu_Uyole:
Mkuu, ngozi ni moja ila tezi zake ni za aina tatu, na kila aina ina bosi wake. Watu wengi huharibu ngozi kwa kuzipa zote dawa moja.

Tezi za mafuta zimeshikamana na mizizi ya nywele na vinyweleo. Usoni na kichwani zimesongamana, kati ya 400 na 900 kwa sentimita moja ya mraba. Kwenye miundi ni chache mno, na kwenye viganja na nyayo hakuna hata moja. Hapo umeshapata jibu la pua na miundi. Mafuta haya hayachuruziki kama mate: seli ya tezi hujaa mafuta, hupasuka na kufa, kisha kilichomo hupanda juu kupitia tundu la unywele. Bosi wake ni homoni za kiume, ambazo wanawake nao wanazo, na ndiyo maana uso huanza kung'aa wakati wa balehe. Tezi haina habari kama umeosha uso mara mbili au mara sita.

Tezi za jasho la maji zipo karibu mwili mzima, milioni 2 hadi 4. Kila moja ni mrija mwembamba uliojiviringa chini kama fundo la uzi. Bosi wake ni sehemu ya ubongo inayopima joto la damu, ingawa zile za viganja na nyayo husikiliza zaidi hofu. Jasho likianza chini lina chumvi nyingi, kisha mrija hunyonya sehemu ya chumvi na kuirudisha mwilini. Likitoka kwa kasi, mrija hauwahi. Ndiyo ile michirizi myeupe unayoiona kwenye shati la aliyepandisha kilima na gunia la viazi.

Aina ya tatu ziko kwapani, kinenani na kuzunguka chuchu, nazo huamka wakati wa balehe. Jasho lake ni zito kidogo, lina protini na mafuta, na likitoka tu halinuki. Bakteria wa kwapani ndio wanaolivunja, harufu ikazaliwa. Tezi hizi huchochewa na wasiwasi na msisimko, kwa hiyo kipupwe hakizifungi. Tena sweta zito la nailoni au poliesta, lililovaliwa siku nne bila kufuliwa, hutunza harufu kuliko pamba.

Mfamasia_Mwanjelwa:
Niongezee upande wa matunzo. Apunguze. Sabuni ya mche ni kali, na ikichanganyika na maji ya moto huondoa hata yale mafuta machache ya miundi. Maji yawe vuguvugu, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Sabuni laini ya kuogea aipake kwapani, kinenani na miguuni, kwingine maji tu yanatosha siku ambayo hakuchafuka. Ajifute kwa kugusagusa, asisugue, na ndani ya dakika 3 ngozi ikiwa bado na unyevu apake mafuta ya mgando, kama nusu kijiko cha chai kwa kila muundi. Mafuta ya mgando hayaongezi maji, yanayazuia yaliyopo yasitoroke. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka umechelewa.

Uso aoshe mara mbili kwa siku, basi.

Kwapani, shabu iliyoloweshwa inasaidia kupunguza bakteria. Zile dawa za kuzuia jasho zenye alumini kloridi zipakwe usiku, kwapa likiwa kavu kabisa. Zikikutana na maji hutengeneza asidi, ndipo mtu analalamika anaungua. Asipake siku aliyonyoa. Limau kwapani sishauri kamwe, linachubua.

Mdau_Mafinga:
Asanteni sana. Na wanaoshuka Kyela kuvuna mpunga mbona wanalowa chapachapa, wakati huku juu wakilima hawalowi?

Tabibu_Uyole:
Huku juu pia wanatoka jasho, ila hewa kavu na upepo hulikausha kabla halijaonekana, na kukauka huko ndiko kunakopoza mwili. Kyela iko chini karibu na Ziwa Nyasa, kuna joto na hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linadondoka bure bila kupoza. Mgeni afanye kazi nusu siku mwanzoni, anywe maji mara kwa mara na asikwepe chumvi kwenye chakula. Baada ya siku 7 hadi 14 mwili huzoea: jasho huanza mapema, huwa jingi zaidi, na chumvi yake hupungua.

Jasho la usiku linalolowesha shuka wakati wa baridi, pamoja na kikohozi na kukonda, hilo si tatizo la tezi za ngozi. Aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu.