Bonsai yangu ya kwanza: nibadilishe udongo wote au niihamishie tu kwenye chungu kikubwa?

Shina_Changa:
Habari zenu wadau. Nina bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni, niliyopewa zawadi, inakaribia mwaka sasa. Nikimwagilia, maji yanatuama juu kwanza, kisha yanazama taratibu sana. Leo nimeona mzizi umechungulia kwenye tundu la chini. Nadhani wakati umefika, ila nimekwama kati ya njia mbili: niutoe mti, nipunguze mizizi na kuurudisha chungu hikihiki kwa udongo mpya, au niuhamishe na udongo wake wote kwenye chungu kikubwa kidogo? Na udongo wenyewe, ninunue akadama au ule wa kawaida wa mfuko nichanganye na mchanga? Nataka kununua vitu wikiendi hii.

Mzee_wa_Vyungu:
Mti gani, mwanangu? Bonsai si aina ya mti, ni namna ya kuulea. Kuna fikasi, mreteni, msonobari, na kila mmoja una masharti yake. Unakaa ndani au nje? Unachipua sasa au umetulia? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha tu.

Kijani_Daima:
Akadama, usihangaike na kingine. Ni udongo wa mfinyanzi wa Japani wenye punje. Kila punje inashika maji, na katikati ya punje hewa inapita. Ikikauka inapauka, kwa hiyo unaona kwa macho wakati wa kumwagilia. Kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa mno.

Fundi_Mizizi:
Akadama ni nzuri, sikatai, lakini baada ya miaka michache punje zinavunjika na kuanza kuziba. Mimi navunja tofali lililochomwa vizuri, nachekecha mara mbili na kubaki na punje za milimita 3 hadi 6. Vumbi lote natupa. Mti haujui jina la udongo, unajua kama mizizi yake inapumua. Huo wa mfuko uache. Kwenye chungu kifupi unashikamana, na ukishakauka kabisa unakataa maji.

Shina_Changa:
Shikamoo mzee, samahani nilisahau. Jina silijui. Majani ni ya kung'aa, mizizi ya juu imevimba kama viazi, na nikichuma jani panatoka utomvu mweupe kama maziwa. Inakaa ndani, karibu na dirisha. Inatoa majani mapya. Halafu juu ya udongo kuna kokoto zilizogandishwa kwa gundi.

Mzee_wa_Vyungu:
Marahaba. Hiyo ni fikasi, tena una bahati, ni mti mvumilivu. Kokoto hizo zibandue leo hii, usingoje wikiendi. Huenda ndizo zinazozuia maji. Fikasi hubadilishwa chungu wakati wa joto, ikiwa inachipua. Mizizi unaweza kukata, isizidi theluthi moja yake, bila wasiwasi.

Dada_Majani:
Mdogo wangu, usiende kwa pupa. Mti wangu wa kwanza ulikuwa mreteni. Nilisikia udongo wa zamani utolewe wote, basi nikaushika chini ya bomba nikaosha mizizi hadi ikabaki mitupu kama nywele. Nikaupanda kwenye udongo mpya mzuri kabisa. Wiki sita ukabaki kijani, nikafurahi, nikawa nauonyesha kila mgeni. Siku moja nikapitisha mkono kwenye majani, yakachakarisha kama karatasi. Nikakwangua gome kwa ukucha: chini yake kahawia, hakuna ukijani hata kidogo. Mti ulikuwa umekufa zamani, mreteni huchelewa kubadilika rangi. Na kosa la pili, sikuufunga kwa waya kwenye chungu. Nikiugusa ulicheza kama jino bovu, na kila ulipocheza, vijizizi vipya vilikatika. Niliulilia ule mti, sioni haya kusema.

Fundi_Mizizi:
Pole sana dada. Ila asiogope kupita kiasi, mreteni na fikasi ni mbingu na ardhi. Fikasi nimeziosha mizizi mara nyingi na zikachipua.

Dada_Majani:
Wewe una mkono wa miaka mingi, kaka. Yeye ndiyo kwanza anashika mkasi. Abakize sehemu ya udongo wa zamani karibu na shina.

Kijani_Daima:
Vyovyote vile, chini aweke tabaka la kokoto ili maji yatoke vizuri.

Fundi_Mizizi:
Hapana mkuu, hapo napinga. Chukua sifongo, iloweshe, ilaze bapa mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe: maji yanatoka tena. Udongo nao ni vivyo hivyo: sehemu yake ya chini hubaki imelowa, chungu kiwe kirefu au kifupi. Ukiweka kokoto umepandisha tu ule unyevu karibu na mizizi. Wavu juu ya tundu unatosha.

Kijani_Daima:
Nimeweka kokoto miaka yote na miti yangu ipo.

Mzee_wa_Vyungu:
Ipo kwa sababu ya akadama yako, si kokoto. Tumrudie kijana. Ukimaliza kupanda, penyeza udongo kati ya mizizi kwa kijiti mpaka pasibaki uwazi. Mwagilia hadi maji ya chini yatoke masafi. Uweke mahali pasipo jua kali wala upepo, na mbolea usiguse kwa mwezi mmoja hivi.

Dada_Majani:
Na hapo dirishani panapata mwanga kiasi gani? Fikasi ya gizani hurefusha matawi tu, chungu kiwe kipya au cha zamani.

Shina_Changa:
Mwanga wa asubuhi tu, dada. Nimebandua kokoto kwa bisibisi, zimetoka kama kigae kizima. Maji sasa yanazama haraka zaidi. Nimeufukua udongo kidogo kwa kidole nikakuta mzizi mmoja mnene umelizunguka shina, umelibana hadi umeacha alama. Nikiutoa mti, na huu niukate?

Fundi_Mizizi:
Kata, mzizi huo utalikaba shina.

Mzee_wa_Vyungu:
Ngoja kwanza. Fuata ule mzizi mpaka mwisho wake. Kama ndio wenye vijizizi vingi, ukiukata wote kwa mara moja utaumiza mti. Tupigie picha ya mti pande zote mbili.

Dada_Majani:
Na picha ya dirisha pia.