Somo la kompyuta mwaka wa kwanza chuoni: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za jioni. Vyuo vinakaribia kufunguliwa, na karibu kila kozi, iwe uuguzi, uhasibu au kilimo, ina somo la kompyuta ndani yake. Wengi hulidharau ("si kuchapa tu?"), halafu wanakula sapu (mtihani wa marudio). Walimu, mafundi na wasimamizi wa maabara, shusheni uzoefu: hatua, kinachoharibika na sababu yake. Hadithi za maisha zina uzi wake.

Fundi wa maabara
Tatizo la kwanza ni faili limekaa wapi. Aliyekulia kwenye simu hajawahi kuulizwa swali hilo, maana simu humtafutia yenyewe. Kwenye kompyuta anafungua swali la mtihani moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, anajaza majibu, anabonyeza Ctrl+S, kisha hajui kazi imeenda wapi. Mara nyingi imebaki kwenye folda ya muda.

Tengeneza folda yako kwanza, iite jina na namba ya usajili. Fungua faili, bonyeza F12 kabla ya kuandika hata neno moja, chagua ile folda, hifadhi. Ukimaliza, funga kila kitu na ulifungue tena kutoka kwenye folda. Likifunguka na majibu yamo, ndipo ukabidhi.

Daktari wa flashi
Naongezea la flashi. Ukiichomeka ukakuta folda zako zimegeuka njia za mkato (shortcut) zenye ukubwa wa KB 1 au 2, usizibofye. Faili zako bado zipo, kirusi kimezificha tu, na ukibofya ile njia ya mkato wewe ndiye unayekiendesha kwenye mashine ya chuo. Wala usikimbilie kufomati. Skani kwanza kwa antivirusi, kisha fungua dirisha la amri (cmd) na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Faili zikionekana, zinakili pengine, ndipo ufomati.

Mama Hesabu
Excel ndiyo inayokula alama, na kosa kubwa ni kusahau alama ya dola ($). Chukua swali la VAT, 18% ya Tanzania Bara. Asilimia iko B1, B2 ni tupu, B3 ina kichwa "Bei", bei zinaanzia B4. Mwanafunzi anaandika C4: =B4*B1. Jibu sahihi. Anaburuta chini, na hapo mambo yanaharibika:

C5 inakuwa =B5*B2, jibu 0, kwa sababu B2 ni tupu.
C6 inakuwa =B6*B3, inatoka #VALUE!, kwa sababu B3 ni neno.
C7 inakuwa =B7*B4, bei mara bei, na linatoka dude la mamilioni.

Excel haijakosea. Ukiburuta, kila anwani inashuka pamoja na fomula. Ya B1 lazima uifunge: weka kasa (kile kimstari kinachopepesa unapoandika) kwenye B1 ndani ya fomula, bonyeza F4, iwe $B$1. Kwenye laptopu nyingi ni Fn+F4.

La pili ni la kwetu kabisa: kuandika 25,000/= ndani ya seli. Ile "/=" inaifanya kuwa maandishi, na SUM (fomula ya kujumlisha) huyaruka maandishi bila kulalamika. Unapata jumla pungufu isiyo na dalili ya kosa, na hiyo ni mbaya kuliko #VALUE!. Dalili pekee: namba halisi hukaa kulia kwa seli, maandishi hukaa kushoto. Andika 25000 peke yake. Mikato na sarafu utaweka kwenye umbizo.

Msomaji wa kimya
@Mama Hesabu, na namba za simu kupoteza sifuri ya mwanzo?

Mama Hesabu
Mwanangu, hiyo kinyume chake. Namba ya simu hujumlishi, kwa hiyo ifanye maandishi: chagua safu nzima, weka umbizo la Text *kabla* ya kuandika. Ukichelewa, sifuri zilizopotea hazirudi. Na ukiona ##### usifute kitu, safu ni nyembamba tu, ipanue.

Mzee wa Stesheni
Word: acheni kubonyeza Enter mara ishirini kufika ukurasa mpya. Ukiongeza mstari mmoja juu, kila kitu kinashuka. Ni Ctrl+Enter.

Kurasa za mwanzo i, ii, iii kisha 1, 2, 3: weka kasa mwanzoni mwa sura ya kwanza, Layout, Breaks, Next Page. Bofya mara mbili chini ya ukurasa huo mpya, zima Link to Previous, kisha kwenye Format Page Numbers anzia 1. Usipozima ile Link, ukibadilisha huku, na kule kunabadilika.

Vichwa vya habari vipe Heading 1 na Heading 2, orodha ya yaliyomo itajipanga yenyewe. Kabla ya kuprinti bonyeza F9 juu ya orodha hiyo ijisahihishe. Na stesheni (duka la kuprinti) njoo na PDF. Fonti isipokuwepo kwenye mashine yetu, kurasa zinahama.

Fundi wa maabara
Umeme nao. Word hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Nenda File, Options, Save, weka 2. Kompyuta ya mezani haina betri.