Uraia wa Italia kupitia babu: karatasi tutafute wenyewe, tumpe wakala au wakili?

MamaPacha_Bronx
Habari zenu wapendwa. Babu mzaa baba wa mume wangu alitoka Calabria akahamia New York, na tunaambiwa mpaka anafariki hakuchukua uraia wa Marekani. Tunataka kuanza kukusanya karatasi ila nimekwama: tufanye wenyewe, tumpe wakala wa hapa, ama twende moja kwa moja kwa wakili kule Italia? Wakala tuliyempata anataka hela ndefu kabla hajaangalia chochote. Mliopitia naombeni uzoefu.

kaka_wa_Torino
Shem, msimlipe mtu hata senti kabla hamjajua uraia wa huyo babu! "Tunaambiwa" haitoshi. Tangu dikrii ya serikali ya Italia ya Machi 2025, ambayo Mei ikawa sheria namba 74, mlango mkubwa uliobaki ni wa mwenye mzazi, babu au bibi ambaye ni Mwitalia tu, hana uraia mwingine, au alikufa akiwa hivyo. Zamani hata ukifika kizazi cha nne ilikuwa poa, sasa hivi hapana. Maana yake kama mzee aliapa kuchukua uraia wa Marekani hata uzeeni, vyeti vingine vyote mtakuwa mmenunua bure. Ombeni USCIS (idara ya uhamiaji na uraia ya Marekani) wapekue kumbukumbu zake, wasipokuta kitu wanatoa cheti rasmi cha kusema hakuna. Na mpekue NARA (hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Marekani) pia na mahakama ya kaunti alizoishi, kwa sababu ubalozi mdogo unaweza kutaka zaidi ya jibu moja.

Nuru_Boston
Naunga mkono 100%. Mimi cheti cha kuzaliwa cha Italia nilikitafuta mwenyewe na sioni kwa nini watu wanalipa wakala kwa hilo, unaandika kwa Kiitaliano kwenda ofisi ya stato civile (wanaoandikisha vizazi, ndoa na vifo) ya comune (manispaa) alikozaliwa babu, unataja jina, tarehe, majina ya wazazi, unaambatanisha kopi ya pasi, unaomba estratto (dondoo rasmi ya rejista) yenye majina ya baba na mama. Ila usitume kwenye anwani ya PEC (imeli rasmi iliyothibitishwa ya Italia) kwa Gmail, nyingi zinarudisha, tumia imeli yao ya kawaida. Hujui comune? Ingia Antenati, tovuti ya kumbukumbu za kale za Italia, ni bure, rejista zimeskaniwa, ingawa sio mikoa yote imekamilika.

mzee_kijiwe
Mimi hapo kwa wakala natofautiana kidogo. Vyeti vya New York City vina mzunguko wake: cheti kirefu pamoja na barua ya uthibitisho toka idara ya afya, halafu karani wa kaunti, ndo uende kwa apostile ya jimbo (muhuri wa kufanya cheti kikubalike nchi nyingine). Mtu mwenye kazi mbili na watoto pacha atapumzika akimpa mtu hiyo sehemu TU, sio kifurushi kizima.

MamaPacha_Bronx
Asanteni sana. Na wakili je? Halafu babu cheti cha Italia ni Giuseppe, kwenye cheti cha ndoa cha hapa kaandikwa Joseph.

kaka_wa_Torino
Kwa gharama ya serikali hakuna tofauti, ubalozi mdogo ni euro 600 kwa kila mtu mzima na mahakamani ni 600 hizo hizo kwa kila muombaji, ila kwa wakili unaongeza malipo yake. Wakili ni wa lazima pale ukoo unapopita kwa mwanamke aliyezaa kabla ya 1/1/1948, maana ubalozi hauwapokei, hiyo ni mahakama. Wenu ni babu, baba, mume, wanaume watupu, kwahiyo anzeni na ubalozi.

Nuru_Boston
Giuseppe na Joseph dada usihangaike sana, hiyo wameizoea. Kinachowachoma watu ni tarehe ya kuzaliwa isiyofanana au jina la ukoo lililobadilika kabisa, hapo mrekebishe cheti cha Marekani KABLA ya apostile na tafsiri, la sivyo mtalipia mara mbili. Wiki hii tuma ombi la USCIS, wanachelewa mno, na huku unasubiri andikieni comune.